Kuadhimisha Majilio Nyumbani kwa Robo Saa kwa Siku: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila mwaka, Novemba inapoelekea ukingoni, huulizwa maswali yale yale, na wanaouliza karibu wote ni watu walioazimia kwa mara ya kwanza kwamba Krismasi ya mwaka huu haitawakuta hawajajiandaa. Majilio huanza tarehe ngapi? Ni lazima kufunga? Mshumaa upi huwashwa kwanza? Aliyekosa siku tatu mfululizo aendelee, au aanze upya? Nimeyakusanya majibu hapa kwa mpangilio ambao mtu anaweza kuufuata akiwa peke yake au pamoja na watu wa nyumbani mwake, bila kuhitaji mafunzo yoyote ya theolojia.

Kuhusu jina, usitatizike: Wakatoliki husema Majilio na Walutheri husema Adventi, na yote mawili yanahusu kipindi kile kile, kwa kuwa neno la Kilatini adventus maana yake ni kuja. Kipindi hiki hutazama kuja kwa Bwana kwa namna mbili. Katika kalenda ya Kanisa Katoliki, siku za mwanzo hadi tarehe 16 Desemba huelekeza macho zaidi kwenye kuja kwake katika utukufu, na kuanzia tarehe 17 hadi 24 Desemba masomo hugeukia kuzaliwa kwake Bethlehemu. Nadharia nyingine inaweza kusubiri.

Jambo moja nalisisitiza kabla ya hatua zenyewe: anza na kidogo kuliko unachodhani unakiweza. Mwaka wangu wa kwanza nilijipangia sura tatu za Biblia kila siku, kufunga mara mbili kwa wiki na saa nzima ya sala kabla ya mapambazuko. Siku ya sita nilikuwa nimekwisha kuyaacha yote, na nikaona aibu kiasi cha kutotaka kuisikia habari ya Majilio hadi yalipopita. Mwaka uliofuata niliwasha mshumaa mmoja na kusoma zaburi moja kila jioni, nikafika Krismasi.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Biblia unayoisoma bila taabu. Toleo lolote linafaa, mradi lugha yake isikusimamishe kila mstari.
- Mishumaa minne na kitu cha kuisimamishia kisichoshika moto, kama sahani ya udongo au ya chuma. Ukipenda, ongeza mshumaa wa tano mweupe kwa ajili ya Krismasi.
- Kalenda yenye siku za juma, ili uhesabu Jumapili.
- Daftari dogo na kalamu. Simu inaweza kutumika badala yake, lakini simu ina mambo mengine mengi ndani yake, nawe unayajua.
- Robo saa isiyo na mwenyewe. Hiki ndicho kifaa kigumu kupatikana kuliko vingine vyote, na hatua ya 2 inakihusu.

Huhitaji mapambo, wala kijitabu maalumu cha tafakari, wala programu ya simu. Ukiwa navyo si vibaya, ila visiwe sababu ya kuahirisha kuanza.

Hatua ya 1: Tafuta tarehe

Shika Krismasi, tarehe 25 Desemba, kisha rudi nyuma ukihesabu Jumapili nne, bila kuihesabu Krismasi yenyewe hata kama imeangukia Jumapili. Jumapili ya nne utakayoifikia ndiyo mwanzo wa Majilio. Njia nyingine inayotoa jibu lile lile ni kutafuta Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, sikukuu ya Mtume Andrea. Kwa hiyo Majilio hayawezi kuanza kabla ya tarehe 27 Novemba wala baada ya tarehe 3 Desemba. Mwaka 2026 yanaanza tarehe 29 Novemba. Mwaka 2027 yanaanza tarehe 28 Novemba.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba Majilio huanza tarehe 1 Desemba kila mwaka. Dhana hiyo imetokana na zile kalenda zenye visanduku 24 vya kufunguliwa, ambazo huanzia tarehe hiyo kwa urahisi wa kuzitengeneza. Urefu halisi wa Majilio hubadilika: mwaka 2022 yalikuwa na siku 28 kamili, na mwaka 2023 yalikuwa na siku 22 tu, kwa sababu Krismasi iliangukia Jumatatu na Jumapili ya nne ikawa ndiyo hiyo hiyo tarehe 24 Desemba. Kwa hiyo andika kwenye daftari lako tarehe za Jumapili zote nne kabla ya kwenda mbali zaidi, na uangalie juma la nne litakuwa na siku ngapi, maana juma hilo linaweza kuwa na siku yoyote kati ya moja na saba.

Wakristo wa Kiorthodoksi wana utaratibu wao wa mfungo wa siku 40 unaoanza tarehe 15 Novemba, na katika jimbo kuu la Milano, linalofuata liturujia ya Mtakatifu Ambrosi, Majilio huwa na majuma sita. Kama wewe ni wa mapokeo hayo, fuata kalenda ya kanisa lako, na uchukue katika mwongozo huu kile kitakachokufaa.

Hatua ya 2: Funga ibada yako kwenye jambo ulilokwisha kulizoea

Usiseme, "Nitasali nikipata nafasi," kwa kuwa nafasi haipatikani katika mwezi wenye shughuli nyingi kuliko miezi yote. Tafuta jambo ambalo tayari unalifanya kila siku bila kukumbushwa, kama vile kuondoa vyombo mezani baada ya chakula cha jioni au kufunga mlango kabla ya kulala, na uweke ibada yako mara tu baada yake. Chagua pia mahali pamoja, hata kama ni pembe ya meza, na uache hapo Biblia, daftari na mishumaa kwa kipindi chote. Ukilazimika kuvitafuta kila jioni, kuna jioni utachoka na kuacha.

Jioni ina faida yake, kwa kuwa mwanga wa mshumaa huonekana vizuri gizani na maneno ya manabii kuhusu nuru huingia kwa urahisi. Hata hivyo, kama wewe ni mtu wa kusinzia mara tu ukikaa, chagua asubuhi.

Hatua ya 3: Andaa mishumaa

Panga mishumaa minne katika duara. Mapokeo yaliyoenea zaidi hutumia mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi, ingawa makanisa mengine hutumia buluu, na mengine hutumia mishumaa myekundu au myeupe. Rangi zisikuzuie, minne myeupe inatosha kabisa.

Utaratibu wa kuiwasha ni huu: katika juma la kwanza huwashwa mmoja, katika juma la pili huwashwa ule wa kwanza pamoja na wa pili, katika juma la tatu huongezwa wa waridi, kama upo, kwa kuwa Jumapili ya tatu huitwa Gaudete, yaani furahini, na katika juma la nne huwaka yote minne. Mshumaa mweupe wa katikati hungoja Krismasi. Watu wengine huipa mishumaa majina ya tumaini, amani, furaha na upendo, na wengine huyapanga majina hayo kwa mfuatano tofauti. Hakuna kanuni ya kanisa zima katika jambo hili, kwa hiyo msigombane.

Hapa panahitajika hesabu ndogo ambayo wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Mshumaa wa kwanza huwashwa kila siku ya Majilio. Ukiuwasha kwa dakika 15 kwa siku, utawaka kwa muda wa saa tano na nusu katika Majilio mafupi kabisa, na saa saba katika yale ya siku 28, wakati mshumaa wa nne huenda usifikishe hata saa mbili. Chagua basi mshumaa wa kwanza ulio mnene, na uuzime mara ibada inapokwisha badala ya kuuacha uwake wakati wa mazungumzo.

Tahadhari: mshumaa unaowaka hauachwi bila mtu chumbani, hata kwa dakika moja ya kwenda kuitikia mlango. Kama umezungushia duara majani mabichi, kumbuka kwamba ifikapo juma la tatu yatakuwa makavu na yatashika moto upesi; yabadilishe au yaondoe. Weka duara mbali na mapazia, na watoto wadogo wasiachiwe kiberiti.

Desturi yenyewe si ya kale kama wengi wanavyofikiri. Mchungaji wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akilea watoto maskini mjini Hamburg, Ujerumani, alitundika gurudumu la mkokoteni mwaka 1839, akalipachika mishumaa 24, minne mikubwa myeupe ya Jumapili na ishirini midogo myekundu ya siku nyingine, kwa sababu watoto hawakuisha kumwuliza Krismasi itafika lini. Napenda kulikumbuka hilo kila ninaposikia mtu akiogopa kwamba ataikosea sheria ya mishumaa.

Hatua ya 4: Chagua njia moja ya kusoma Maandiko

Kuna njia tatu zinazofaa. Chagua moja na ubaki nayo hadi mwisho.

Njia ya kwanza ni kufuata masomo ya siku yaliyopangwa na kanisa lako. Hii ndiyo bora kwa anayehudhuria ibada mara kwa mara, kwa kuwa anachosoma nyumbani na anachosikia kanisani vitakuwa kitu kimoja. Kwa Wakatoliki na makanisa mengine yanayotumia mzunguko wa miaka mitatu, mwaka mpya wa masomo huanza Jumapili ya kwanza ya Majilio.

Njia ya pili ni kusoma Injili ya Luka, ambayo ina sura 24, sura moja kila siku kuanzia tarehe 1 hadi 24 Desemba. Ni njia rahisi kuikumbuka, kwa kuwa namba ya tarehe ndiyo namba ya sura. Jihadhari na siku ya kwanza, kwani sura ya 1 ina aya 80 na ndiyo ndefu kuliko zote. Igawanye asubuhi na jioni. Wapo wanaolalamika kwamba kwa njia hii unasoma habari za ufufuko katika mkesha wa Krismasi. Mimi sioni tatizo: mtoto wa horini na Bwana aliyefufuka ni mmoja.

Njia ya tatu ni mpango ufuatao, ambao nimeuandaa kwa ajili ya mtu anayetaka vifungu vifupi vinavyoendana na kipindi. Juma huanza Jumapili.

Juma la kwanza, kukesha: Isaya 2:1-5; Marko 13:33-37; Zaburi 25; Warumi 13:11-14; Isaya 25:6-9; Habakuki 2:1-4; Zaburi 80.

Juma la pili, kuitengeneza njia: Isaya 40:1-11, Marko 1:1-8, Luka 1:5-25, Luka 3:1-6, Luka 3:7-14, Malaki 3:1-4, Zaburi 85.

Juma la tatu, kufurahi kabla ya wakati: Wafilipi 4:4-7; Isaya 35; Sefania 3:14-17; Mathayo 11:2-11; Isaya 61:1-4; Yakobo 5:7-10; Luka 1:57-80.

Juma la nne, Maria na Yosefu: Luka 1:26-38; Mathayo 1:18-25; Luka 1:39-56; Mika 5:2-5; Isaya 7:10-14; Zaburi 24; Isaya 11:1-10.

Juma la nne limepangwa kwa uzito, na vifungu visivyostahili kukosekana vimetangulia. Kama juma hilo lina siku tatu tu, soma vitatu vya kwanza na uviache vinavyobaki. Baadhi ya Biblia huhesabu aya kwa namna tofauti kidogo, hasa katika Isaya 9 na Mika 5, hivyo ukikuta kifungu kinaanzia katikati ya sentensi, angalia aya moja kabla.

Kosa la kawaida katika hatua hii ni kusoma kifungu kimoja kisha kurukia maelezo ya watu wengine juu yake. Soma kifungu mara mbili kwanza, mara ya pili kwa sauti. Maelezo yatakungoja.

Hatua ya 5: Fuata mpangilio mmoja wa ibada kila siku

Mpangilio unaojirudia humwondolea mtu kazi ya kujiuliza afanye nini baada ya hapa, naye akaweza kuweka moyo kwenye sala. Dakika 15 zinaweza kugawanywa hivi:

1. Washa mshumaa au mishumaa ya juma hilo, ukisema, "Njoo, Bwana Yesu." Hilo ndilo ombi lililo karibu na mwisho kabisa wa Biblia, katika Ufunuo 22:20.
2. Kaa kimya kwa dakika mbili. Zitaonekana ndefu katika siku za kwanza, na mawazo yatakimbia; yarudishe kwa utulivu, bila kujikaripia.
3. Soma kifungu cha siku mara mbili.
4. Andika sentensi moja kwenye daftari: neno lililokugusa, au jambo ambalo hukulielewa. Sentensi moja tu. Atakayejilazimisha kuandika ukurasa mzima ataacha kuandika kabla ya juma la pili.
5. Sali kwa maneno yako mwenyewe, ukianza na shukrani, kisha ukimtaja mtu mmoja kwa jina ambaye anangoja kitu kigumu: majibu ya hospitali, kazi, mtoto, msamaha.
6. Malizia kwa Sala ya Bwana, kisha zima mishumaa.

Ukikwama kwenye sala ya maneno yako, tumia hii mpaka utakapozoea: "Ee Mungu, wewe hukuchoka kuwangoja watu wako. Nifundishe kungoja bila kulala usingizi na bila kukata tamaa. Onyesha leo ni wapi unabisha hodi katika nyumba hii, nami nifungue. Amina."

Mkiwa wengi, gawaneni kazi: mmoja awashe, mwingine asome, mwingine asali. Watoto hupewa kazi ya kuzima mishumaa, na kwa uzoefu wangu kazi hiyo peke yake huwafanya wakumbushe ibada hata siku ambayo wazazi wangependa kuisahau.

Hatua ya 6: Weka tendo moja la huruma kwa kila juma

Katika Luka 3:10-14 umati unamwuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini, na majibu yake yanashangaza kwa jinsi yalivyo ya kawaida. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo, na mwenye chakula afanye vivyo hivyo. Watoza ushuru wasitoze zaidi ya kilichoamriwa. Askari wasimdhulumu mtu, na waridhike na mshahara wao. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa aache kazi yake na kuhamia jangwani.

Kwa hiyo kila Jumapili, baada ya ibada, andika kwenye daftari tendo moja utakalolifanya juma hilo, pamoja na jina la mtu na siku utakayolifanya. "Nitawasaidia wahitaji" halitekelezeki; "Alhamisi nitakwenda kumwona jirani aliyefiwa, nikae naye saa moja" linatekelezeka. Nguo zitoke kwenye zile unazozivaa, si kwenye zile zilizochakaa. Kulipa deni ulilolichelewesha ni tendo la Majilio. Vivyo hivyo kumpigia simu ndugu mliyenuniana, na jambo hili la pili ni afadhali lifanyike katika juma la pili, kabla mkutano wa sikukuu haujawakutanisha mkiwa na kinyongo. Wakatoliki wengi huitumia nafasi hiyo hiyo kupokea sakramenti ya Kitubio, na ni busara kwenda mapema kabla foleni za siku za mwisho.

Usilitangaze tendo lako. Liandike kwenye daftari na liishie hapo.

Hatua ya 7: Amua kuhusu kufunga, kisha uache kulijadili

Kanisa Katoliki la mapokeo ya Kilatini halilazimishi mfungo wa Majilio siku hizi, na makanisa mengi ya Kiprotestanti hayalazimishi pia. Kwa hiyo kufunga ni hiari yako, na kwa anayeanza napendekeza kuacha kitu kimoja kidogo badala ya kushinda na njaa: mitandao ya kijamii baada ya saa mbili usiku, kwa mfano, au ununuzi wa kitu ambacho kinaweza kungoja. Mjamzito, mgonjwa, anayetumia dawa na mtoto hawapaswi kuacha chakula kwa ajili ya mwongozo kama huu.

Usiyageuze Majilio kuwa Kwaresima ndogo. Rangi ya zambarau huwachanganya wengi, na ni kweli kwamba katika Misa za Jumapili za Majilio utenzi wa Utukufu hauimbwi. Lakini Aleluya huimbwa, jambo ambalo katika Kwaresima halifanyiki. Toba ipo, ila ni toba ya mtu anayefagia nyumba kwa sababu mgeni anayempenda yuko njiani.

Hatua ya 8: Kuanzia tarehe 17 Desemba, ongeza jina moja kila siku

Hatua hii ni ya hiari, lakini ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Katika Masifu ya Jioni ya Kanisa la Magharibi, kuanzia tarehe 17 hadi 23 Desemba, huimbwa antifona saba za kale, yaani viitikio vifupi vya sala, kila moja ikimwita Masiha kwa jina lililotoka katika Agano la Kale. Wewe unaweza kulitumia jina la siku mahali pa ombi la kuwashia mishumaa, na kuongeza aya zake kwenye kifungu chako:

- Tarehe 17, Ee Hekima: Mithali 8:22-31.
- Tarehe 18, Ee Adonai, yaani Bwana: Kutoka 3:1-6.
- Tarehe 19, Ee Shina la Yese: Isaya 11:1.
- Tarehe 20, Ee Ufunguo wa Daudi: Isaya 22:22.
- Tarehe 21, Ee Mapambazuko: Luka 1:78-79.
- Tarehe 22, Ee Mfalme wa Mataifa: Yeremia 10:7.
- Tarehe 23, Ee Emanueli: Isaya 7:14.

Kwa Kilatini majina hayo ni Sapientia, Adonai, Radix, Clavis, Oriens, Rex na Emmanuel. Ukizichukua herufi za mwanzo na kuzisoma kutoka mwisho kurudi mwanzo, utapata maneno mawili, ero cras, yenye maana ya "kesho nitakuwapo". Watoto wakubwa hulifurahia fumbo hili, hasa wakiachwa walifumbue wenyewe jioni ya tarehe 23.

Hatua ya 9: Mkesha

Jioni ya tarehe 24 fupisha kila kitu. Washa mishumaa yote minne, soma Isaya 9:2-7 na Luka 2:1-14, kisha uwashe ule mweupe wa katikati. Kama mnakwenda kanisani usiku, fanyeni hivi kabla ya kutoka, na hakikisheni mmoja wenu amepewa kazi ya kuizima. Katika mwaka ambao tarehe 24 ni Jumapili ya nne, asubuhi bado ni Majilio: soma Luka 1:26-38 asubuhi, na uyaache ya mkesha hadi jioni.

Mambo yakienda kombo

*Nimekosa siku kadhaa.* Endelea na kifungu cha leo. Siku zilizopita si deni, na anayejaribu kusoma vifungu vitano kwa mpigo ili alipe hupata uchovu tu, kisha hukosa tena. Vivyo hivyo ukiugundua mwongozo huu juma la tatu: anzia juma la tatu.

*Wenzangu nyumbani hawataki.* Usiwalazimishe, na usiwasalie kwa sauti ya kuwahubiri. Fanya ibada yako mahali pale pale kila siku, uache kiti kimoja wazi. Udadisi hufanya kazi ambayo mabishano hayaiwezi.

*Watoto hawatulii.* Robo saa ni ndefu mno kwa mtoto wa miaka minne. Mpe dakika tano: kuwasha, aya mbili au tatu, wimbo mmoja, kuzima. Watu wazima wamalizie baadaye.

*Nyimbo za Krismasi zinapigwa kila mahali tangu Novemba.* Huwezi kuzizuia barabarani, lakini nyumbani unaweza kuanza na nyimbo za kungoja na kuziweka zile za kuzaliwa hadi mkesha. Isiwe sheria ya kumkatiza mtu anayeimba.

*Hairuhusiwi kuwasha moto ninapoishi, au kuna mgonjwa wa kifua.* Tumia taa ndogo ya betri, au chora mishumaa minne kwenye karatasi na upake rangi mwali mmoja kila Jumapili.

*Nafanya kazi za zamu.* Fungamanisha ibada na kuamka, si na saa ya ukutani. Beba kifungu kilichonakiliwa kwenye kikaratasi. Mshumaa unaweza kungoja siku ya mapumziko.

*Mimi na mwenzangu ni wa makanisa tofauti na masomo yetu hayalingani.* Tumieni Luka, sura kwa sura.

*Nimefiwa mwaka huu, na maneno ya furaha yananiumiza.* Baki na vifungu vya juma la kwanza na la pili kwa kipindi chote, hasa Zaburi 80, ambayo ni kilio cha watu wanaomwomba Mungu awarudishe. Hakuna anayekulazimisha kuuwasha mshumaa wa waridi. Na kama ukimya wa dakika mbili unakuletea mzigo usiobebeka, uruke, au mwombe mtu akae nawe.

*Nasali lakini sisikii chochote.* Wengi hufikia hali hiyo karibu na juma la tatu. Usibadilishe mpango wala usiongeze muda. Soma kwa sauti, andika ile sentensi moja, hata ikiwa ni "leo sikusikia kitu", na uzime mshumaa.

*Krismasi imefika na ninaona kama sikuwa tayari.* Sikukuu haiishi siku ile moja. Katika mapokeo ya Magharibi huendelea kwa siku 12, mpaka Epifania, yaani sikukuu ya Tokeo la Bwana, tarehe 6 Januari. Acha Biblia na mshumaa mweupe pale pale mezani, usome Luka 2:15-20 tarehe 26 na Mathayo 2:1-12 siku ya Epifania. Kisha, kabla ya kulifunga daftari, andika ukurasa wa mwisho ni juma gani lilikushinda na ni saa ngapi ya siku ilikufaa, na ulihifadhi ndani ya Biblia kwenye Isaya 2, ambako utalikuta mwishoni mwa Novemba.